Barua kwa Mwanangu: Rudi Kwanza Mtoni

Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi sote tu wazima, na bibi yako anakusalimu sana. Hofu ni kwako wewe uliye mbali. Insha yako kuhusu Misri ya kale nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa hapa ghalani mchana huu tukisubiri lori la mpunga. Umeandika kwa bidii juu ya wafalme na piramidi, lakini umeanzia mwisho. Ningekuwa mwalimu wako ningekurudisha kwanza mtoni, kwenye Nile.

Rekebisha ramani yako. Umeiweka Misri ya Juu kaskazini kwa sababu kwenye karatasi kaskazini iko juu. Wamisri walifuata mkondo wa maji: juu ni kusini, upande wa maporomoko ya Aswan, na Misri ya Chini ni kule mto unakojigawa matawi kabla ya kuingia Bahari ya Mediterania. Nchi yenyewe ilikuwa ukanda mwembamba wa mashamba kandokando ya mto, ambao waliuita Kemet, yaani Ardhi Nyeusi, kwa rangi ya tope lake. Jangwa lililoubana huku na huku waliliita Ardhi Nyekundu, na mpaka kati ya nchi hizo mbili ulikuwa mkali kiasi kwamba mtu angeweza kuweka mguu mmoja shambani na mwingine mchangani.

Hapa itabidi nikuvunje moyo kidogo. Sisi watu wa kando ya ziwa hujigamba kwamba maji yetu, yakishatoka pale Jinja, ndiyo yaliyoilisha Misri. Ni kweli yanafika, nayo ndiyo yaliyousaidia mto usinyauke miezi ya ukame. Lakini gharika iliyoleta tope ilitokana na mvua za milima ya Ethiopia, ikashuka kwa Nile ya Buluu na mto Atbara, ikafunika mashamba ya Misri katikati ya mwaka, kisha ikarudi nyuma na kuacha udongo mpya ambao mkulima aliupanda bila kusubiri mvua, kwa kuwa mvua kwao ilikuwa haba mno. Ndiyo maana mwaka wao ulikuwa na majira matatu: ya mafuriko, ya kupanda na ya kuvuna. Maji yakipungua, njaa. Yakizidi, yanabomoa matuta na nyumba. Katika Jiwe la Palermo, ambalo ni kumbukumbu ya wafalme wa mwanzo kabisa, chini ya matukio ya kila mwaka kimeandikwa kina cha mafuriko kwa dhiraa na viganja. Mimi mtunza ghala nawaelewa: aliyejua kina cha maji alijua pia mavuno ya kutarajia.

Wafalme sasa. Narmer, ambaye kwa kawaida huhesabiwa kuwa ndiye aliyeziunganisha Misri mbili yapata mwaka 3100 KK, umemtaja. Khufu, mwenye Piramidi Kuu ya Giza, umemjazia ukurasa mzima, lakini hukumtaja Merer, msimamizi wa kikosi cha mabaharia wa zama zake, ambaye shajara yake ya mafunjo inaonyesha jinsi walivyosafirisha mawe ya chokaa kwa mashua kutoka Tura hadi Giza. Umemsahau Hatshepsut, mwanamke aliyetawala kama mfalme kamili na kutuma merikebu hadi Punt, nchi ya mbali kusini, kufuata manemane, na pia wafalme wa Kush waliotoka kusini, katika Sudani ya leo, wakaitawala Misri yote katika karne ya 8 na ya 7 KK. Neno lenyewe farao maana yake ni nyumba kubwa. Kwetu Firauni limegeuka tusi.

Umeandika kwamba farao alikuwa mungu na kila mtu alimtii. Soma habari za kijiji kinachoitwa leo Deir el-Medina, ng'ambo ya mto kutoka mji wa Luxor, walikoishi mafundi waliochonga makaburi ya wafalme. Kijiji hakikuwa na kisima; maji yaliletwa kwa punda. Mshahara wa fundi ulikuwa nafaka, magunia manne ya ngano na gunia moja na nusu la shayiri kwa mwezi, na gunia lao lilikuwa kipimo cha lita 77 hivi. Mwaka wa 29 wa utawala wa mfalme Ramesses III, yapata 1157 KK, posho ilichelewa. Mafundi wakaweka zana chini, wakapita vituo vya walinzi, wakaenda kuketi nyuma ya hekalu. Walisema wana njaa, kwamba siku 18 za mwezi zimeshapita, kwamba hawana nguo, wala mafuta, wala samaki, wala mboga, na wakataka farao mwenyewe na waziri wake waarifiwe. Posho ikatolewa, ikachelewa tena, nao wakagoma tena. Hakuna aliyempinga mfalme kwa maneno. Walimdai tu chakula chao.

Miaka kama kumi na miwili baadaye, katika kijiji hichohicho, mama mmoja aitwaye Naunakht alikwenda mbele ya baraza kutoa wosia. Mwanamke wa Misri aliweza kumiliki mali yake mwenyewe na kuigawa apendavyo. Alisema kwamba amewalea watoto wanane na kuwapa vyombo vya kuanzia maisha, sasa amezeeka, na baadhi yao hawamtunzi. Basi aliyemsaidia atapata, na asiyemsaidia hatapata. Wanne akawanyima mali yake, ingawa ya baba yao waliachiwa. Naye akamwongezea mwana mmoja, peke yake, bakuli la shaba la kunawia juu ya fungu lake.

Lori limefika, naitwa kwenye mizani. Ongeza kurasa mbili juu ya mto na kijiji, upunguze za Khufu. Mimi sijazeeka bado, lakini bakuli la shaba la marehemu babu yako lipo kabatini, na dada yako ameshaanza kuliulizia.

Mama yako