Risala ya Kamati ya Historia ya Usharika, Machame

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Wilaya ya Hai, mchungaji kiongozi, wazee wa kanisa na washarika wenzetu, Bwana Yesu asifiwe!

Mheshimiwa, karibu Machame. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika huku Oktoba 1893, hali ikiwa bado ya moto mlimani. Mwaka uliotangulia Mangi Meli, mtawala wa Moshi, alikuwa amewapiga askari wa Kijerumani, na Waingereza wa CMS, chama cha kimisionari cha Kianglikana, walioshukiwa kumuunga mkono, wakalazimika kuihama Moshi. Mangi Shangali wa hapa Machame akawapokea hao wa Leipzig. Kutoka hapa kazi ilienea Mamba mwaka 1894, kisha Moshi mwaka 1896.

Oktoba 1896 wamisionari Ewald Ovir na Karl Segebrock waliuawa Akeri, Meru. Majina hayo watoto wa kipaimara wanayajua. Wachaga waliouawa pamoja nao hutajwa kwa jumla tu, kama vile walikuwa mizigo ya safari. Hilo linatuuma, na ndilo lililozaa kamati hii.

Mwaka 1920, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza waliwarudisha wamisionari wa Kijerumani kwao. Nani alizika, nani alifundisha, nani aliwakusanya watu Jumapili? Walimu wa Kichaga, wengi wao wakitoka shambani na kwenda moja kwa moja darasani. Wamarekani wa kanisa la Kilutheri la Augustana walikuja baadaye kusaidia, lakini walikuta sharika zinaishi. Vita vya Pili vya Dunia vilipowaondoa tena Wajerumani, wenyeji hawakuwa wageni wa kazi. Mwaka 1960 Stefano Moshi akawekwa wakfu kuwa askofu, na Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) lilipoundwa tarehe 19 Juni 1963, yeye ndiye aliyeliongoza kwanza.

Mheshimiwa, daftari letu la zamani la ubatizo limo kwenye kabati la mbao ofisini. Pembe za kurasa zimeliwa na mchwa. Jina la Kichaga limeandikwa kwa penseli, la ubatizo kwa wino, na penseli ndiyo inayofutika.

Tumeanza kuwarekodi wazee kwa simu zetu za mkononi, ingawa sauti za majogoo zinaingia mno. Tunaomba utusaidie kupata skana, kabati la chuma, na mtaalamu wa nyaraka wa kutufundisha. Chumba tunacho, na washarika wameshatoa mabati. Mvua za masika zikianza kabla ya kuezeka, daftari litahamia nyumbani kwa mzee wa kanisa.

Tunaomba kuwasilisha.