Hasi ile siyo ya malaria

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi. Watoto hawajambo? Bi Mkubwa miguu imempa nafuu? Mimi mzima, nimetoka zamu sasa hivi na hata viatu sijavua. Ile picha uliyonitumia ya majibu ya kipimo cha titi cha da' Rehema imenikosesha raha kutwa nzima, na zaidi maneno uliyoandika chini yake: "Alhamdulillahi, imeandikwa hasi."

Mwanaidi, hasi hiyo siyo ya malaria. Nakwambia wazi, maana nikikuzungusha nitakuwa nimekudanganya. Tazama mstari wa juu yake: saratani ya lobula, yaani vile vifuko vya titi vinavyotengeneza maziwa. Ipo. Kilichotoka hasi ni protini moja tu, E-kadherini, ambayo kazi yake ni kuzishikanisha seli, kila moja na jirani yake. Da' Rehema hakukosa saratani. Saratani yake ndiyo iliyokosa gundi.

Maabara tunaipaka slaidi dawa, na penye E-kadherini panageuka kahawia. Juzi nilikuwa na slaidi ya namna hiyo kwenye darubini. Mirija mizima ya titi, kila seli ina mstari wa kahawia pembeni, kama pindo la kanga. Hapo hapo kando, zile mbaya, hata moja haina pindo. Zimefuatana moja nyuma ya nyingine, zinapenya kwenye nyuzi za tishu kama siafu, nyingine zimeuzunguka mrija duara juu ya duara. Niliitazama mpaka chai ikapoa.

Ndiyo maana hapakuwa na donge. Najua Mama Salha anasema watu wa hospitali walizembea, mamografia, ile eksirei ya matiti, ya mwaka jana ilitoka safi na waliompapasa hawakugusa kitu. Sikuwepo, siwezi kuapa. Lakini unga uliokandwa unashika donge, unga mkavu unapita vidoleni. Saratani hii hutandaa. Mara nyingi mtu husikia titi limekuwa gumu upande mmoja, au ngozi imevutwa ndani, basi. Na si ya ajabu: katika saratani 100 za matiti, kati ya 10 na 15 ni za namna hii. Kwa hiyo zile sentimita 2 za kwenye picha ya majibu msizishike sana, huenda imeenea zaidi. Mwulizeni daktari wa upasuaji kuhusu MRI, kile kipimo cha picha cha sumaku, kabla hajamkata.

Lipo la heri pia. Nyingi za aina hii zina vipokezi vya estrojeni, yaani protini zinazopokea homoni hiyo ya kike, na hapo vidonge kama tamoksifeni au letrozoli vinafanya kazi kweli, japo ni vya kumeza miaka. Kama yake inavyo, imeandikwa ukurasa wa pili, ambao hukuupiga picha!

Narudi pale pale kwenye hasi, maana ndiyo iliyonikaa rohoni. Umesema ameahirisha kliniki ya Jumatatu mpaka harusi ya Salha ipite. Kwa sababu ya neno hilo moja. Tafadhali, asiahirishe. Harusi itachezwa, vigelegele atavipiga, lakini Jumatatu aende.

Nani atamwambia, wewe au nimpigie mimi? Nani atamsindikiza? Ukurasa wa pili unasemaje kuhusu vipokezi, na HER2, protini nyingine inayopimwa ili kuchagua dawa? Na marehemu mjomba wenu, lile tumbo lililomuua lilikuwa vidonda au saratani? Siulizi kwa udaku. Jeni inayotengeneza E-kadherini, CDH1, kwa watu wengi huharibikia ndani ya titi lenyewe, lakini ziko familia zinazoirithi mbovu, na huko saratani ya tumbo hutangulia. Mwaka 1998 iligunduliwa hivyo kwa familia ya Wamaori kule New Zealand. Mwelezeni daktari habari za mjomba. Na wewe mwenyewe, unalala?

Nauli ya Jumatatu naituma kesho saa 3 asubuhi. Nijibu usiku huu huu, hata iwe saa 8.

Wako,
Saumu