Barua kwa somo yangu: mbuzi ya nazi darasani

Minneapolis, Minnesota,
Marekani.
Jumapili, tarehe 8 Desemba 2024.

Somo yangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Natumaini waraka huu utakukuta mzima, wewe na watoto na mama, na kwamba cherehani haijakupa nafasi ya kupumzika, maana Desemba ni msimu wa harusi na najua mlango wako pale Ngamiani haufungwi kabla ya saa nne usiku. Mimi sijambo, alhamdulillahi, isipokuwa baridi imeanza kunitambaa mifupani na jua la huku siku hizi linaaga kabla ya saa kumi na moja jioni.

Uliniuliza kwenye simu, kwa ulimi wako ule ule, mtu mzima mwenye wajukuu wa dada yake anakwenda chuoni kufundishwa kuchora nini ambacho hakukichora ukutani kwa bibi kwa mkaa wa jikoni. Nilicheka sana, kisha nikaona kwamba swali hilo linastahili barua, kwa kuwa kulijibu kwa ujumbe wa mistari miwili kungekuwa kulikwepa.

Chuo ninachosoma ni kile wanachokiita hapa chuo cha jamii. Usikifananishe moja kwa moja na VETA, vyuo vyetu vya ufundi, wala na vyuo vyetu vya maendeleo ya wananchi, ingawa kina damu ya vyote viwili. Ni chuo cha umma cha miaka miwili, kisichochagua wanafunzi kwa alama, na anayemaliza krediti 60 hivi hupata shahada ndogo ya miaka miwili, iliyo chini ya shahada ya kwanza, ambayo akipenda anakwenda nayo chuo kikuu kuendelea na miaka iliyobaki. Cha kwanza cha umma cha namna hii kilifunguliwa Joliet, Illinois, mwaka 1901, na sasa vimeenea nchi nzima. Shule kubwa za sanaa hutaka kwanza upeleke mkoba wa kazi zako ndipo wakufikirie. Mimi niliulizwa jina, anwani na kama nilimaliza sekondari. Kilichonizuia miaka yote hii ni ada. Vuli hii jimbo la Minnesota limeanzisha mpango uitwao North Star Promise, unaowaondolea ada katika vyuo vya umma wakazi wasio na shahada ya kwanza ambao kipato cha familia zao hakifiki dola 80,000 kwa mwaka, na mshahara wangu wa kukesha na wazee unaishia mbali sana chini ya hapo. Vifaa tu ndivyo nilivyonunua kwa fedha yangu, na kwa vifaa nililia kidogo.

Darasa letu la uchoraji hukutana Jumanne na Alhamisi, saa tatu asubuhi hadi saa sita. Mimi hutoka kazini saa moja, nikanywa chai garini, nikaingia darasani na macho mekundu kama ya mvuvi. Tuko watu kumi na sita. Wapo vijana wa sekondari, kwa sababu tangu 1985 sheria ya jimbo hili inawaruhusu kusoma masomo ya chuo bila kulipa wangali shuleni. Yupo mstaafu wa reli ambaye hupenda kunisimulia mabehewa. Wapo Wasomali wawili ambao siku ya kwanza walinisikia nikisema bismillahi nilipochana bahasha ya karatasi, na tangu siku hiyo huniita shangazi.

Na sasa kuhusu mkaa. Utashangaa kusikia kwamba kile kilichotuponza kwa bibi ndicho walichonipa kuanzia. Ni vijiti vyembamba vya mzabibu, vilivyochomwa mahali pasipo hewa ya kutosha, kwa kanuni ile ile ya wachoma mkaa wa Handeni, ila hivi vimepangwa kwenye kasha kama dawa ya hospitali. Vinatoa weusi laini unaofutika hata kwa pumzi. Upo mkaa mwingine, wa unga ulioshindiliwa kwa gundi, ambao ukishagusa karatasi umegusa. Huo mwalimu alitunyima mpaka wiki ya sita. Kifutio chetu hakifanani na vile vya shule: ni donge laini unalolifinyanga kama tonge la ugali, ukalichonga ncha, ukanyanyua weusi pale unapotaka mwanga uonekane. Karatasi ni zile nyepesi za magazeti, inchi 18 kwa 24, na tulimaliza bunda la kwanza kabla ya mwezi kwisha, kwa kuwa mazoezi ya mwanzo ni ya sekunde 30 kila mchoro, halafu unafunua ukurasa mwingine bila kuhurumia ulioutoka. Tulichora pia bila kuitazama karatasi hata mara moja, jicho likitambaa ukingoni mwa kiatu na mkono ukilifuata jicho. Kiatu changu kilitoka kama ramani ya Ziwa Nyasa.

Wiki ya nane tuliambiwa kila mmoja alete kutoka nyumbani kitu chenye matundu na miguu, ili tujifunze kuchora nafasi tupu inayokizunguka kitu badala ya kitu chenyewe. Wenzangu walileta viti, baiskeli, kiunzi cha kuanikia nguo. Mimi nilileta mbuzi ya nazi, ile uliyonifungia kwenye kanga nilipokuwa naondoka, ambayo watu wa forodha waliigeuzageuza nusu saa wakitafuta ni silaha ya aina gani. Mwalimu alipoiona alifurahi, akaondoa vitu vyote mezani, akaikunjua na kuiweka peke yake juu ya kitambaa cheupe, taa moja ikiimulika kutoka kushoto. Darasa zima likachora mbuzi yangu kwa saa mbili.

Nilikaa nikijua kwamba leo ni leo. Mbuzi hiyo nimeikalia tangu nina miaka sita. Naijua mikwaruzo yake, naijua pale ilipolegea msumari, naujua hata mlio wake. Nilichora kwa haraka na kwa raha, nikamaliza mapema, nikaanza kuwatazama wenzangu kwa huruma. Tulipozibandika karatasi ukutani, somo yangu, yangu ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote, na sisemi hivi kwa unyenyekevu. Kijana mmoja wa miaka kumi na saba, ambaye aliniuliza kwa adabu kama kile ni kifaa cha kunolea viatu vya kutelezea kwenye barafu, alikuwa ameichora mbuzi imekaa mezani kwa uzito wake, miguu ikikatana pale inapokatana, ulimi wa chuma ukija mbele kiasi kwamba meno hayakuonekana isipokuwa kama mstari mmoja mfupi unaong'aa.

Mimi nilichora meno yote. Nilichora kigoda kama kinavyoonekana ukiwa umesimama juu yake, na ulimi kama unavyoonekana ukiwa ubavuni, na miguu yote minne wazi, ingawa pale nilipokaa mguu mmoja ulikuwa umefichwa kabisa. Mwalimu aliisogelea karatasi, akaitazama muda mrefu bila kusema neno, kisha akaniuliza, "Ulikuwa umekaa wapi ulipoichora?" Nilinyoosha kidole kuonyesha kiti changu. Akasema kutoka kwenye kile kiti haiwezekani kuona haya. Na kweli haikuwezekana. Wenzangu, kwa kuwa hawakujua ile ni nini, hawakuwa na la kufanya ila kutazama, lakini mimi niliitazama mara moja nikaitambua, na baada ya kuitambua sikuitazama tena.

Jambo hilo lilinikosesha usingizi wa mchana, na nakuandikia kwa sababu hiyo zaidi ya nyingine yoyote.

Lakini lililonitesa mwanzoni kuliko kuchora lilikuwa hiyo siku ya uhakiki. Kazi hubandikwa ukutani, mwenye kazi hukaa kimya, na wengine huzungumza mbele yake kwa robo saa nzima kuhusu mahali ilipokwama. Sisi tumelelewa kwamba ukipewa pilau lililokosa chumvi unasema Mungu akuzidishie, na mwenye haja ya kukukosoa anakuita chemba, au ananunua kanga yenye maneno yake akapita nayo uani. Mwezi wa mwanzo wa masomo, kila nilipoulizwa nilijibu kwamba kazi ni nzuri sana, hongera. Mwalimu akanivumilia mara tatu, ya nne akatangaza kwa darasa zima, bila kunitazama, kwamba maneno "nzuri" na "napenda" hayatatumika tena mpaka robo saa iishe. Nilibaki sina lugha. Siku nilipojikaza nikamwambia yule mstaafu kwamba jagi lake linaelekea kuanguka kutoka mezani kwa kuwa kivuli chake kimelala upande ule ule taa inakotoka, niliona haya hata masikio yakapata moto. Naye akainuka, akainamisha kichwa, akasema, "Wiki nzima nilijua kuna kosa, sikujua liko wapi," akanishukuru.

Kuna siku pia tulipelekwa kwenye makumbusho ya Minneapolis Institute of Art, ambako kiingilio ni bure, tukiwa na penseli tu. Nilikaa mbele ya picha iliyochorwa na Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi, mwaka 1666, ya mwanamke aitwaye Lucretia, ambaye ameshajichoma kisu na doa la damu linapanuka kwenye nguo yake nyeupe, mkono mmoja ukiwa umeshika kamba. Niliianza nguo kwa kuiacha karatasi ilivyo, kwa kuwa nyeupe ni nyeupe. Baada ya saa moja nikagundua kwamba sehemu kubwa ya nguo ile ni kijivu na hudhurungi, na kwamba weupe halisi humo ni mdogo sana. Tena kwa mara nyingine nilikuwa nimechora jina la kitu.

Muhula ujao kuna somo la kuchora mwili wa binadamu, na humo mtu hukaa mbele ya darasa bila nguo. Nimemuuliza mwalimu kama kuna njia nyingine, akaniambia wapo waliofanya kwa sanamu za plasta na mifupa ya kufundishia, ila si sawasawa. Sijaamua. Usimwambie mama bado.

Pamoja na barua hii nimekutumia mchoro wa mbuzi, wa tano. Nimeuviringisha ndani ya bomba la karatasi ngumu. Usiukunje, na usiupanguse kwa kidole, kwani ingawa nimeupulizia dawa ya kushika mkaa bado unaweza kukuachia weusi. Nakuomba uweke mbuzi yako sakafuni, uikunjue, mlango wa uani uwe kushoto kwako, kisha ukae kwenye kile kibao cha chini kama hatua tatu kutoka hapo, ufumbe jicho moja na uulinganishe mchoro na mbuzi. Nina wasiwasi na mguu wa nyuma na sehemu ulimi unapoungana na kigoda, lakini sitaki kukuelekeza zaidi. Niandikie pale unapoona nimedanganya, hata kama ni pengi, na tafadhali usiniambie kwamba ni mzuri.

Nisalimie mama, watoto na majirani wote wa uani.

Wasalaam,
Ni mimi, somo yako.