Kwa nini diski ya gemu ya Kijapani dukani kwetu haiuzwi kwa bei ya diski ya kuchoma

Wiki iliyopita mteja mmoja alirudi na diski ya gemu ya Devil May Cry 3 aliyoinunua kwetu, akaiweka juu ya kaunta na kutangaza mbele ya wateja wengine kwamba tumemuuzia kitu kibovu, kwa kuwa picha ilitoka nyeusi na nyeupe. Diski ile ilikuwa nzima. Ilikuwa ya NTSC, mfumo wa picha za televisheni wa Marekani, mashine yake ya gemu ya PlayStation 2 ilikuwa imewekwa chipu ya kusoma diski za kanda zote za dunia, na televisheni yake ya zamani iliweza kutoa rangi za PAL, mfumo wa Ulaya, peke yake. Siku ya kununua tulimuuliza ana televisheni ya aina gani, akajibu kwamba televisheni ni televisheni. Tulimbadilishia bila malipo, lakini alipokuwa akiondoka aliongeza neno ambalo tumelisikia mara nyingi mno: kwamba diski yetu halisi inauzwa mara tano ya diski ya kuchoma, yaani nakala ya kompyuta, inayopatikana kando ya barabara, na kwamba huo ni wizi.

Neno hilo linatuuma, kwa hiyo tunaeleza. PlayStation 2 ilitoka Japani mwezi Machi 2000, na mwanzoni mwa mwaka 2013 ilitangazwa kwamba haitengenezwi tena. Diski halisi tunazouza zimeshapita mikononi mwa watu wengi. Kila moja tunaiosha, tunaitazama kwenye mwanga, kisha tunaiendesha katika mashine ambayo haijaguswa lenzi, tukipita sehemu za video na kuhifadhi mchezo kwenye memori kadi. Zile zenye sehemu ya chini ya rangi ya bluu ni CD, na data yake imelala karibu kabisa na karatasi ya juu. Mkwaruzo wa upande wa juu ukifika huko, hakuna fundi atakayeirudisha. Diski za namna hiyo tunazitupa, na hasara ni yetu. Msiisugue diski kwa dawa ya meno kabla ya kutuletea, kwa sababu mikwaruzo midogo mnayoiongeza ndiyo inayotuchukua muda mrefu zaidi kuiondoa.

Sasa tuseme juu ya diski ya kuchoma. Inarudisha mwanga hafifu kuliko diski ya kiwandani, na lenzi iliyokwisha kuchoka hushindwa kuisoma. Hapo mwenye mashine hupewa ushauri wa bure: fungua, chukua bisibisi ndogo, zungusha skrubu iliyo kwenye lenzi. Skrubu ile huongeza umeme unaoingia kwenye leza. Gemu itasoma, tena kwa haraka ya kufurahisha, na mwenye mashine atamsifu aliyemshauri. Baada ya muda leza itaungua. Mwaka jana kijana mmoja mwenye kibanda cha gemu alituletea mashine tatu kwa pamoja, zote zimezungushwa skrubu na mtu mmoja, zote zimekufa lenzi. Gharama ya lenzi tatu na kazi yake ingemnunulia diski halisi za kujaza rafu moja ya kibanda chake. Yeye naye alidhani bei ya lenzi tumeipandisha kwa sababu tulimwona ana shida, ingawa tulimwonyesha bei tuliyonunulia.

Gemu za mapigano za Kijapani zinaonewa zaidi na njia hizi za mkato kwa sababu zimejengwa juu ya kasi na kupima wakati. Mtu anayeanza tunampa Onimusha: Warlords ya mwaka 2001, gemu fupi ya samurai ambayo shujaa wake ana sura ya mwigizaji Takeshi Kaneshiro. Akiimaliza, aende kwa Devil May Cry ya kwanza ya mwaka huohuo, iliyoanza kama mradi wa Resident Evil 4 chini ya mwongozaji Hideki Kamiya kabla ya kugeuka kuwa kitu kingine kabisa. Kwa Devil May Cry 3 tunasisitiza Special Edition ya mwaka 2006. Katika toleo la kwanza la Marekani, kiwango kilichoitwa cha kawaida kilikuwa kile kigumu cha Wajapani, na tumewahi kurudishiwa diski na mtu aliyeamini kwamba imeharibika kwa kuwa hakumpita Cerberus, adui mkubwa wa mwanzoni, kwa siku nne. Special Edition ilirekebisha ugumu huo, na inakuruhusu kumchezesha Vergil, ndugu wa shujaa.

Shinobi ya mwaka 2002 hatumpi mtu asiye na subira: upanga wake hula uhai wa mwenyewe asipoua, kwa hiyo kusimama ni kufa. God Hand ya mwaka 2006, ya mwongozaji Shinji Mikami, ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayonipa malalamiko mengi kuliko zote. Haina kuzuia ngumi; unakwepa kwa kijiti cha kulia cha pedi, yaani kidhibiti cha mkononi, na ukicheza vizuri kipimo cha ugumu kinapanda chenyewe, maadui wanazidi ukali. Pedi ya bei rahisi yenye kijiti cha kulia kilicholegea haifai hata kidogo. Katika Metal Gear Solid 3 tatizo ni vitufe. Pedi halisi ya DualShock 2 hupima nguvu ya kidole: ukibonyeza kitufe cha duara taratibu unamshika adui, ukikaza unamkata koo. Pedi nyingi za kuiga hazina kipimo hicho, na mteja wetu mmoja aliwaua maadui wote aliotaka kuwahoji, akaja kudai fedha za diski. Tulimwazima pedi yetu halisi acheze palepale, na aliondoka na pedi.

Wale wanaoletewa mashine kutoka Japani wanapaswa kujua kwamba umeme wa huko ni volti 100. Mzazi mmoja aliichomeka ya mwanawe moja kwa moja kwenye volti 230, akaja na harufu ya kuungua ndani ya mfuko. Transfoma ya kupunguza umeme ingemgharimu chini ya pawa saplai tuliyomfungia. Hata baada ya hapo mashine hiyo isiyo na chipu ilikataa diski zake zote za PAL, jambo ambalo tulikuwa tumemweleza kabla hajalipa.

Kwa hiyo kabla ya kuja, geuza mashine usome namba inayoanza na SCPH. Kwa kawaida tarakimu ya mwisho ikiwa 0 ni ya Japani, 1 ni ya Marekani, na 3 au 4 ni ya Ulaya. Tutumie picha ya namba hiyo, ya televisheni kwa nyuma, na ya pedi unayotumia. God Hand ya PAL imebaki moja, imeshajaribiwa hadi mwisho, na hatutaiuza kwa mtu ambaye hatujaona pedi yake.