Usisaini kwanza

Tanga, Jumapili jioni

Shoga yangu Mama Zuhura,

Salamu nyingi. Huku wazima, mvua tu ndiyo inatuonea. Najua nimekaa kimya tangu arobaini ya mjomba, na najua umeninunia. Radhi nitakuja kuiomba kwa miguu yangu. Leo naandika mbio kwa sababu ya ile picha ya profoma, karatasi ya bei ya seva ya ofisi yenu, uliyonitumia. Umesema bodi inakaa Alhamisi. Usisaini kwanza.

Hayo majina yasikutishe. Kumbuka mafundi cherehani wa barazani kwa mama yako, Ngamiani. Prosesa ndiyo inayofanya kazi yenyewe, kama fundi cherehani. Walipoandika koa nane (si wale koa wa kwenye mchicha!), ni mafundi wanane ndani ya duka moja. RAM ni ile meza ya kukatia: ikiwa kubwa vitambaa vingi vinatandazwa pamoja, ila umeme ukikatika hakibaki kitu juu yake. Diski ndiyo stoo, humo mali inalala hata taa zikizimika. Na seva si mdudu wa ajabu, ni kompyuta iliyopewa kazi ya kuhudumia wenzake kutwa kucha. Ndiyo maana RAM yake ni ya ECC: tarakimu moja ikigeuka, inaigundua na kuirekebisha yenyewe. Hiyo walipe, wasibane.

Diski ya 2 TB (terabaiti, kipimo cha nafasi ya stoo) kwenye Windows itasomeka 1.81. Hujaibiwa. Kiwandani wanahesabu kwa 1000, Windows inahesabu kwa 1024. Yule kijana wa flashi uliyemfokea kwamba imepungua, mtake radhi, maskini.

Sasa kilichoninyima usingizi. Diski mbili, RAID 1 (RAID ni kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja). Na wewe ukaniandikia, "Muuzaji kasema tukiwa na RAID, bakapu ya nini?" Yaani nakala ya akiba ya nini? Mama Zuhura! RAID 1 ni kioo: kinachoandikwa diski ya kwanza kinaandikwa papo hapo na ya pili. Moja ikifa nyingine inaendelea, wanachama wanahudumiwa bila kujua kitu. Faida hiyo ni kubwa, siibezi. Lakini ukijipaka masizi, kioo nacho kitakuonyesha masizi. Hakikutunzii sura ya jana.

Mimi yamenikuta. Ile ofisi yangu ya kwanza, unaijua, karani alikuwa anapunguza mafaili Ijumaa mchana akafuta lile lenye salio la kila mwanachama. Diski zote mbili zikafuta kwa utiifu. Wiki tatu tunaandika upya kutoka kwenye stakabadhi, mwenzetu Kipara anatuimbia kaswida tusilie. Virusi vivyo hivyo, moto vivyo hivyo; na mwizi akibeba seva, kabeba kioo na fremu yake.

Kwa hiyo waongeze diski mbili za nje, za kupokezana, moja ilale mbali na ofisi siku zote. Posho za kikao kimoja zinatosha kuzinunua, ila hilo usilitamke mbele ya mwenyekiti. Wakikugeuzia RAID 0 eti ina kasi, kataa: data inagawanywa vipande kwenye diski zote, moja ikifa yote yamekwenda. RAID 5 inataka diski tatu. Za 2 TB zitakupa 4, na inavumilia kifo cha moja tu.

UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, ya 1500 VA (volti-ampea), hizo si wati. Wati zake ni pungufu, waulize ngapi. Na kazi yake ni kukupa dakika za kuzima seva kwa adabu, si kufanyia kazi mchana kutwa. Yetu hapa betri imechoka, inalia usiku kama... basi, niache. La kiwanja cha Pongwe nalo tukionana.

Niambie: chumba cha seva kina kiyoyozi, au ndicho kile cha mabati? Diski za nje nani atazibadilisha kila jioni, wewe au yule mpenda kuchelewa? Mmewahi kujaribu kurudisha nakala hata mara moja mkaona kama inafunguka? Zuhura matokeo vipi? Mkeka wangu bado unao? Na huyo muuzaji muulize: karani akifuta faili leo, la jana analitoa wapi? Akikujibu tena "RAID", nipigie hata usiku wa manane.

Wako,
Mama Tausi