Barua ya malalamiko: kabati la mlango wa nyuma limevimba na mvua za masika hazijaisha

Kibosho, Moshi
19 Mei 2025

Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Samani,
Moshi.

Ndugu Meneja,

YAH: KABATI LA VIATU NA MAKOTI LISILOFAA KWA KAZI TULIYOKUBALIANA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mteja wenu niliyeagiza kabati la kuweka viatu, makoti ya mvua na mabegi ya shule kwenye korido ya mlango wa nyuma wa nyumba yetu. Nililipa jumla ya shilingi 1,450,000 na risiti ya EFD ninayo. Kabati lililetwa mwishoni mwa Februari. Leo halifai kwa matumizi.

Naomba nianze na jinsi tunavyoishi, maana kosa limeanzia hapo. Nyumba yetu iko ndani ya kihamba, yaani shamba la migomba la familia. Mlango wa mbele ni wa wageni. Wa nyuma ndio unaofanya kazi. Mama mkwe anatoka zizini na gambuti zimejaa tope, mume wangu anaingia na mkungu wa ndizi begani, watoto wanarudi shule wamelowa hadi soksi. Udongo wa huku ukiloa unanata, na mwezi wa Aprili mvua inaweza kushinda ikinyesha. Haya yote nilimweleza kijana wenu aliyekuja kupima. Nilimshikisha zile gambuti mkononi, akazipiga picha, akaniambia, "Usijali mama, tumekuelewa."

Kilicholetwa ni kabati la sebuleni.

Fomu ya oda inasema fremu na benchi ni mbao ya mkongo. Mkongo upo, lakini ni ukanda mwembamba uliobandikwa kwa mbele. Nyuma yake kote ni MDF. Tena kabati limekalia sakafu moja kwa moja, halina miguu, kwenye korido ambayo lazima idekiwe kila jioni. Ubao wa chini ulikuwa na unene wa milimita 18. Nimeupima kwa rula, sasa unakaribia 25. Ukiubonyeza kwa kidole unazama kama mkate uliochovywa kwenye chai, na mkanda wa pembeni umejikunja wenyewe na kuachia. MDF ni nyuzi laini za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi. Ikishanywa maji kupitia kingo zake inavimba, na hata ukiianika hairudi ilivyokuwa. Mafundi wenu wanalijua hilo kuliko mimi.

Fundi aliyekuja kukagua alisema sisi ndio tuliomwaga maji. Ndugu Meneja, kauli hiyo imeniumiza kuliko hasara yenyewe. Kabati la mlango wa nyuma, lililoagizwa kwa ajili ya vitu vilivyolowa, linalaumiwaje kwa kukutana na maji?

Vipimo navyo havikufuata watu wa nyumba hii. Vyumba vya viatu vina urefu wa sentimita 15 kwenda juu, kwa hiyo hakuna gambuti hata moja inayosimama humo. Zote ziko nje kibarazani, na asubuhi mama mkwe anazikung'uta kwanza asije akavaa na mdudu. Kina ni sentimita 25, wakati mume wangu anavaa namba 44, kiatu chenye karibu sentimita 30. Mlango wa upande wake haujawahi kufungwa. Kulabu za makoti zote ziko sentimita 170 kutoka chini. Mtoto wangu mdogo yuko darasa la kwanza. Anaruka, anashindwa, anaacha koti sakafuni, kisha anagombezwa kwa kosa ambalo si lake. Kulabu mbili zimeshang'oka pamoja na skrubu zake, kwa sababu zilifungwa kwenye kibao cha nyuma chenye milimita 3 tu, ambacho hakiwezi kubeba begi la vitabu.

Milango ndiyo iliyoniudhi zaidi. Mliifunga yote kwa ubao mzima, bila tundu la hewa. Viatu vya shule vinaingia vibichi jioni na kutoka vibichi asubuhi. Wiki ya pili ya Aprili nilikuta ukungu mweupe umetanda ndani ya kiatu cha binti yangu, na ile harufu haijaondoka mpaka leo. Nilimwomba kijana wenu vibao vyenye nafasi katikati ili upepo upite. Neno "vibao" liko kwenye fomu, kwa mwandiko wake.

Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, muuzaji aliyeelezwa kazi ya kitu na mnunuzi anayetegemea ujuzi wake anawajibika kuuza kitu kinachofaa kwa kazi hiyo, na bidhaa inayouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Kwangu mmekosa yote mawili.

Ninaomba mlichukue kabati hili na kunitengenezea jingine kwa gharama zenu, la mkongo halisi. Liwe na miguu ya sentimita 15 ili tambara la kudekia lipite chini. Benchi iwe na urefu wa sentimita 45 kutoka chini, mtu mzima akae avue viatu bila kuinama sana. Upande mmoja ubaki wazi kwa gambuti, usipungue sentimita 45 kwenda juu, na chini yake muweke trei ya bati ya kukinga tope, inayovutika ili niimwage na kuiosha. Rafu za viatu ziwe za vibao vyenye nafasi, kina sentimita 35, bila milango. Kulabu ziwe safu mbili, ya watoto sentimita 100 na ya wakubwa 165, zifungwe kwenye ubao mnene ulioshikwa ukutani.

Kama hamwezi, nirudishieni fedha zangu zote. Nasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Nisipoyapata nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani, nikiambatisha picha, risiti na fomu ya oda.

Mkija kulichukua, njooni na gari dogo. Barabara ya kuingia kwetu kwa sasa haipitishi lori. Mama mkwe yupo nyumbani kila siku baada ya saa nne asubuhi.

Wenu mteja,
Mama Neema

Viambatisho: nakala ya risiti ya EFD, nakala ya fomu ya oda, picha za kabati