Ukurasa wenu wa muziki unawasahau wapigaji

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Mi nawasoma siku nyingi na ukurasa wa muziki ndo naanza nao kabla hata ya mpira, ila kuna kitu kinaniuma. Mwimbaji mnamwandika, mtunzi mnamwandika, mpigaji hapana. Sisi wa fidla kwenye taarab tushazoea, unakaa nyuma ya mwimbaji usiku kucha na jina lako halitoki popote, lakini nataka niwape mfano wa Mwingereza mmoja muone mpigaji anaweza kufanya nini.

Anaitwa Irvine Arditti. Kazaliwa Coventry 1953, kasoma Royal Academy of Music pale London, na mwaka 1974 akaanzisha kundi la watu wanne, fidla mbili, viola na selo, wapige kazi za watunzi walio hai. Baadae akaingia London Symphony Orchestra na alipofika miaka 25 akawa mmoja wa viongozi wa fidla mle ndani. Nafasi hiyo watu wanaisaka maisha yao yote jamani! Yeye 1980 akaiacha akarudi kwa wenzie watatu, kupiga muziki ambao wengi hata kuusikiliza mpaka mwisho hawawezi.

Sasa hapa ndo nataka unielewe mhariri. Mmarekani John Cage alikuwa anaandika vipande vya fidla peke yake vinaitwa Freeman Etudes, noti kazitafuta kwa kutumia ramani za nyota, yaani moja iko chini kabisa kwenye uzi mnene na inayofuata iko juu kule, halafu kila moja ina maelekezo yake. Nilipoisikia rekodi nikachukua fidla yangu nikajaribu mruko mmoja tu, kutoka uzi wa chini hadi juu, kidole kikawa kinatua pembeni kila mara mpaka bega likauma. Cage mwenyewe 1980 aliacha njiani akaona hivi havipigiki. Vikakaa miaka. Halafu Arditti akavipiga vile vya mwanzo, tena kwa kasi ambayo mtunzi hakuitegemea, kumbe inawezekana, mzee akarudi mezani akamaliza vyote 32 mwaka 1990, miaka miwili kabla hajafariki. Bila mpigaji nusu ya ile kazi isingekuwepo kabisa.

Ile ya 1995 kundi lake lilipopiga ndani ya helikopta nne juu ya Amsterdam, kila mpigaji na helikopta yake, kazi ya mtunzi Mjerumani Stockhausen, hiyo ndo inasimuliwa sana, na 1999 kundi likapewa tuzo ya muziki ya Ernst von Siemens. Sawa. Mi inayonigusa ni hii ya Cage.

Kwa hiyo mhariri, mkiandika tena wimbo wa taarab ulizeni fidla kapiga nani, na ile bashraf ya mwanzo, yaani kipande cha ala tupu kabla ya kuimba, aliyeipanga ni nani. Wenye vikundi wanawajua wote.

Mpiga fidla,
Unguja